Samli kwenye Tairi za Kirikuu

Kabla jua halijafika Bweri, pale Musoma, Boke alikuwaga ameshachuchumaa pembeni ya gari. Uso hajanawa, khanga kaifunga kifuani, kipimo cha upepo mkononi. Ziwa halionekani kutoka pale kwake, ila alfajiri linapandaga lenyewe mpaka mlangoni: unyevu, harufu ya samaki, na ukungu mwembamba unaofanya mabati ya jirani yaonekane kama yanaelea. Ndani ya ukungu huo Boke alizunguka gari lake. Mbele kushoto. Nyuma kushoto. Nyuma kulia. Mbele kulia. Anapima, anagonga na ngumi, anasikiliza. Tairi iliyoshiba inajibu kama ngoma iliyokaushwa vizuri. Yenye njaa ya upepo inajibu kama godoro.

Alipima alfajiri kwa sababu tairi inapimwa ikiwa bado imelala. Ikishatembea inapata joto, upepo unavimba ndani na kipimo kinakudanganya. Madereva wengi wa Musoma wanalijua hilo na hawalifanyi. Wanaangalia kwa macho, wanapiga teke moja, wanaondoka. Halafu tairi ikilika pembeni pande zote mbili wanasema barabara mbaya. Barabara haina kosa hapo. Upepo ulikuwa mdogo, basi.

Boke hakuwa mtu wa teke moja. Akienda soko la Mwigobero kuchukua dagaa, alizitafutia tairi kivuli cha banda kwanza ndipo asalimie watu. Kokoto ikinasa kwenye kashata, ile mifereji ya juu ya tairi inayoshika barabara, aliichokoa na bisibisi kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Kila msimu ukiisha, tairi za mbele zilienda nyuma na za nyuma zikaja mbele, ili zote zizeeke pamoja bila moja kumwonea mwenzake. Usukani ukianza kuvuta upande, hakusubiri wiki iishe, alikwenda kunyoosha magurudumu.

Watu walimcheka, watafanyaje. Vijana wa bodaboda pale kona walimuulizaga kila asubuhi kama ameshawaamkia wazee wanne. Boke aliwajibu kwamba wazee wameitikia marahaba, na wameulizia zile breki za pikipiki zitatengenezwa lini.

Gari lenyewe lilikuwa kirikuu, ile pikapu ndogo isiyo na pua. Kwenye kirikuu hakuna injini mbele ya kukukinga na dunia. Unakaa juu kabisa ya tairi za mbele, magoti yako na barabara vinatazamana. Boke aliipenda hivyo. Alisema ukiendesha gari lenye pua ndefu unaona boneti, ukiendesha kirikuu unaona safari.

Aliinunua kwa dagaa. Si kwa mkopo wala kwa mume, kwa dagaa, gunia juu ya gunia, mpaka nguo zake zikawa na harufu ambayo sabuni iliishindwa. Ile wiki ya kwanza akafunga tairi mpya nne, akaipeleka kwa padri. Padri akanyunyiza maji ya baraka kwenye kioo na kwenye usukani, akasoma sala. Kisha Boke akaendesha mpaka Butiama, nyumbani kwa mama yake, Bibi Marieta, ili naye aone.

Bibi Marieta alitoka jikoni na moshi wake. Akaizunguka kirikuu mara moja, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Padri ameshaibariki, mama," Boke akamwambia. "Amebariki kioo."

"Kioo ndicho kinatembea?"

Akarudi ndani, akatoka na kibuyu cha samli. Akapiga magoti kwenye vumbi, kitenge na kila kitu, akachota samli kwa vidole viwili na kuanza kuipaka tairi ya mbele kushoto. Aliipaka polepole, kuanzia kwenye rimu kwenda nje, akinong'ona. Alipomaliza ya kwanza akaenda ya pili. Ndivyo alivyokuwa, na ni yeye tu na nyumba yake, usije ukasema ni mila ya Mara nzima. Kwa Bibi Marieta, kitu kinachosafiri kinabarikiwa miguuni. Watoto wake wote aliwapaka samli kwenye nyayo siku ya kwanza ya shule. Ng'ombe anayetoka zizini kwenda kulipwa mahari alipakwa kwato. Rozari ilikuwa shingoni kwake saa zote hizo, na hakuona ugomvi wowote kati ya rozari na kibuyu.

Baada ya hapo ikawa desturi. Kila Boke alipokwenda Butiama, mama alipiga magoti. Boke akapewa na kichupa chake cha kwenda nacho Bweri, awe anaongezea. Tairi zikawa zinang'aa nyeusi, laini, kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Miaka ikapita juu yake. Pancha zilikuja mbili tatu, za misumari, lakini ajali hakuna, kuteleza hakuna, hata siku ile ya mvua ambayo lori lilimfuata upande wake karibu na Makutano na likapita bila kumgusa. Boke aliposimama pembeni kutuliza moyo, alichoangalia kwanza ni tairi. Ziling'aa tu pale, hazina habari. Kuanzia siku hiyo aliamini. Aliamini kabisa, bila kona.

Msimu wa mvua wa mwaka jana Bibi Marieta akaanguka jikoni. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukalala, na maneno yakabaki ndani. Macho yaliona, masikio yalisikia, lakini kila alichotaka kusema kilitoka kama pumzi ya mtu anayepuliza uji. Boke alipokwenda Jumapili iliyofuata, akaegesha kirikuu mbele ya mlango kama kawaida, akasubiri. Hakuna aliyetoka. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia palepale, kina samli kidogo chini.

Ndiyo ikawa hivyo. Ile samli iliyokuwa tayari kwenye tairi ndiyo ya mwisho ambayo mkono wa mama yake ungepaka. Boke hakumwambia mtu, ila alilibeba. Alikuwa anaota ndoto moja inayojirudia: kirikuu inatoka Mwigobero, inashuka ufukweni, inaingia ziwani na haizami. Tairi zinaviringika juu ya maji, nyeusi, zinang'aa, wadudu wa ziwani wanapanda pembeni kama moshi, na mama yuko kiti cha abiria anaongea. Anaongea sana, anaongea bila kupumzika. Boke akiamka hakumbuki hata neno moja.

Sasa twende Bunda. Boke alikuwaga na wateja wake wa dagaa Nyasura, na siku moja ya Alhamisi aliposhusha magunia akaona tairi ya nyuma kulia imekaa chini. Msumari. Akajikokota mpaka kwa Jastin, fundi wa tairi palepale Nyasura, kijana wa miaka thelathini hivi, mdomo haujui kuyapaka maneno rangi.

Jastin aliitoa tairi, akaizamisha kwenye pipa la maji kutafuta mapovu. Maji yakawa na mafuta juu. Akaitazama, akanusa vidole vyake, akanusa tena.

"Dada Boke, hizi unapaka nini?"

"Samli."

Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi nyingine. Akawaita wenzake waje wanuse. Mmoja akauliza kama kuna ugali wa kutowea humo. Boke naye akacheka, kwa nini asicheke, alishazoea. Ila Jastin alichukua sabuni ya unga na brashi ya waya, akaanza kusugua ubavu wa tairi, na kicheko chake kikapungua kidogo kidogo kama redio inayoishiwa betri.

Weusi ule wa kung'aa ulitoka. Chini yake kulikuwa na nyufa. Nyembamba, nyingi, zimezunguka tairi nzima, zimejaa vumbi na samli iliyoganda. Jastin akaikunja tairi kwa mikono miwili, na nyufa zikafunguka kama kisigino cha mtu wa kiangazi. Akamwonyesha kwa kidole. Akamwambia mpira na mafuta havikai nyumba moja. Mafuta yanaingia, yanaulainisha, yanauvimbisha, halafu jua linakuja kumalizia. Akamwonyesha na namba nne za ubavuni, zile zinazosema wiki na mwaka ambao tairi ilitoka kiwandani. Boke alizijua. Alikuwa hazisomi, lakini alizijua.

"Kashata si hizi hapa," Boke akasema. Akaingiza kidole kwenye mfereji. Kilizama vizuri.

"Kashata zipo, dada. Tairi haipo."

"Sijakuelewa, mura."

"Umezitunza juu, zimeoza ubavuni. Kipara cha tairi kila mtu anakiona, hata trafiki anakiona. Hii yako haionekani. Itakuja kupasuka ukiwa unaimba."

Boke akachomoa kidole kwenye mfereji. Kisha akamwambia azibe pancha. Jastin akamtazama, akaziba. Alipokuwa anakaza nati alisema jambo moja tu, kwamba ameziba tundu, hajatengeneza tairi, na watu wakimuuliza asije akasema ametengeneza.

Tuliseme wazi, pesa haikuwa tatizo. Boke alikuwa na uwezo wa kufunga tairi mpya nne siku hiyohiyo na bado akabaki na ya kununulia mzigo. Tatizo lilikuwa mama. Ukizitoa hizi tairi unatoa na mkono wa mama, na mkono ule haupo tena wa kupaka nyingine. Mtu anayejua magari atasema huo ni ujinga. Sawa. Lakini mtu huyohuyo utamkuta ana shati la marehemu babake kabatini miaka ishirini, hajawahi kulivaa, na ukitaka kulitoa mtapigana.

Akarudi Bweri. Asubuhi iliyofuata, badala ya kupima upepo, alichukua ndoo, sabuni na brashi, akasugua zile tatu zilizobaki. Zote zilikuwa hivyohivyo. Ya mbele kushoto ndiyo mbaya kuliko zote, ile ambayo mama alianza nayo siku ya kwanza na sasa ilikuwa imerudi mahali pake baada ya kuhamahama, ile ambayo ilipata samli nyingi kwa sababu kibuyu kilikuwa bado kimejaa na magoti yalikuwa bado hayajachoka. Boke akakaa chini kwenye maji ya sabuni. Ukungu ulikuwa mzito siku hiyo, hata nyumba ya jirani haikuonekana, alibaki yeye na gari kwenye weupe mtupu kama wameachwa na dunia.

Halafu akafanya kitu cha kijinga kabisa. Akaingia ndani, akatoa kichupa chake, akapaka samli yote iliyobaki juu ya nyufa. Akapaka mpaka hazionekani. Tairi zikang'aa tena, na moyo wake ukatulia, na akaenda Mwigobero kununua dagaa.

Wiki ile ile kaka yake, Ryoba, alipiga simu kutoka Bunda. Alikuwa amepata sehemu ambapo mama angefanyishwa mazoezi ya mkono na mguu, na nyumba yake ilikuwa karibu, kwa hiyo mama ahamie kwake. Angetuma gari dogo zuri lenye viti laini. Boke akakataa kabla hajamaliza. Mama anaijua kirikuu, akasema, kile kiti ni chake, hawezi kuondoka nyumbani kwake na dereva asiyemjua kama mzigo wa mtu. Ryoba akamwambia yeye na hiyo kirikuu wafunge ndoa basi waeleweke. Boke akamjibu ndoa ilishafungwa, na mahari ya dagaa alishaila yeye Ryoba. Wakakubaliana mama ahame Ijumaa ya wiki inayofuata.

Ijumaa Bibi Marieta alivalishwa kitenge kizuri na Flora, binti wa jirani aliyekuwa anamhudumia. Wakambeba wawili mpaka kwenye gari, wakamweka kiti cha abiria, kushoto, wakamfunga mkanda. Magunia mawili ya nguo na vyombo yakaenda nyuma. Flora aliegemea dirisha akilia kidogo na kucheka kidogo, akimwambia bibi asije akanenepa huko mjini akasahau watu. Bibi Marieta alipuliza pumzi yake. Ile pumzi Flora alishajifunza kuisoma, akasema, "Amesema nimwangalizie kuku."

Wakaondoka. Boke aliendesha kama amebeba mayai. Kijiji kikapita polepole, udaga wa mihogo umeanikwa juu ya mawe, mweupe kama mawingu yaliyoshuka kupumzika, mbuzi wamesimama juu ya kaburi la mtu wanatafuna. Wakaingia barabara kubwa pale Kiabakari, wakageukia Bunda. Lami ilikuwa inachemka kwa mbele, inakuwa maji, ukifika maji yanahamia mbele tena. Mama alikuwa ameweka mkono wa kushoto dirishani na upepo ulikuwa unapita kati ya vidole vyake. Boke akamtazama kwa pembeni na kwa muda mrefu kidogo hakujua kama ameshika usukani au amelala. Ilikuwa ile ndoto. Gari halizami, mama yuko pembeni. Alikuwa anasubiri tu aanze kuongea.

Kilichoongea ni tairi.

Tup. Tup. Tup. Mwanzoni polepole, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Boke alijiambia ni viraka vya lami. Viraka vikaisha, lami ikawa laini kama meza, na tup-tup ikaendelea. Alijua. Mtu aliyegonga tairi zake na ngumi kila alfajiri kwa miaka yote hiyo hawezi kusema hakujua. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake kama mtu mwenye homa.

Hakukanyaga breki. Hilo ndilo lililowaokoa, na kila anayeendesha alijue: tairi ya mbele ikiugua ukiwa kwenye mwendo, ukikanyaga breki kwa hofu gari linakwenda linakotaka lenyewe. Boke aliachia mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, akaiacha kirikuu ichoke yenyewe mpaka ikatoka kwenye lami na kusimama kwenye majani.

Akashuka, akazunguka upande wa mama.

Mbele kushoto. Ubavu wa tairi ulikuwa umetoa nundu kubwa kama yai la bata, inang'aa kwa samli, na kwenye ngozi ya nundu ile nyufa zimefunguka unaona nyuzi za ndani. Boke aliitazama. Kisha akatazama juu kidogo ya tairi. Kulikuwa na bati. Nyuma ya bati kulikuwa na miguu ya mama yake, mmoja unaotembea na mmoja uliolala, imevalishwa soksi nyeupe na Flora. Kati ya nundu na soksi kulikuwa na bati tu, bati la kirikuu, ambalo ukiliegemea vibaya linabonyea.

 Alikaa kwenye majani pale pale.

Gari zikapita. Basi moja likapiga honi. Mbali huko upande wa ziwa wingu lilikuwa limesimama halina haraka na mtu. Boke akainuka, akafungua mlango, akambeba mama peke yake, akamkalisha kwenye gunia la nguo pembeni ya barabara. Kivuli hakikuwepo, akamfunika kichwa na khanga. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Akalegeza nati gari likiwa bado chini, ndipo akapandisha jeki. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe, akili ilikuwa imekaa pembeni na mama.

Akalala chini kuitoa spea, ile tairi ya akiba inayofungwa chini ya tumbo la gari. Ilikuwa imejaa vumbi, ya kijivu, kavu kama udaga. Iliingia siku moja na zile nne. Akaimwagia maji ya kunywa, akaisugua na kiganja, akaikunja kwa nguvu zake zote akitafuta nyufa. Ubavu ulikuwa mgumu, mzima, ukamrudishia mikono. Ilimchukua muda kuelewa, au aliielewa haraka na hakutaka. Mama hakuwahi kuifikia ile. Ingembidi alale chali chini ya gari.

Akaviringisha ile yenye nundu mpaka mbele ya mama yake, akaisimamisha, akaishikilia.

"Mama, hii ndiyo uliyoanzaga nayo," akasema. "Imeoza. Zote nne zimeoza, ni samli. Nilijua toka wiki iliyopita nikaficha. Naenda kuzitoa zote. Unanisikia?"

Bibi Marieta alimtazama, kisha akaitazama tairi. Akanyanyua mkono wa kushoto, mkono ambao maisha yake yote hakuwahi kubarikia kitu chochote, akauweka juu ya ile nundu. Akaibonyeza kwa kidole gumba, kama alivyokuwaga anabonyeza jipu la ndama kuona kama limeiva. Uso wake ukakunjika upande mmoja. Halafu akaisukuma.

Boke hakuwa ameshikilia sana. Tairi ikamtoka, ikaviringika kidogo kwenye majani, ikayumba, ikalala.

Inawezekana aliisukuma. Inawezekana mkono uliteleza, samli inateleza. Boke hakuuliza mara ya pili, na kama angeuliza nani angemjibu? Alichukua alichopewa. Akafunga spea, akakaza nati kwa kuvuka upande hadi upande ili rimu ikae sawa, akamrudisha mama kwenye kiti, na wakaenda Bunda kwa mwendo ambao hata baiskeli ziliwapita, na wenye baiskeli wakageuka kuwapungia.

Hakwenda kwa Ryoba kwanza. Alikwenda Nyasura.

Jastin aliiona kirikuu inaingia, akaona spea mbele na tairi yenye nundu imelala nyuma juu ya mizigo, akafungua mdomo. Kisha akamwona bibi, akaufunga. Akafuta mikono, akaja dirishani.

"Shikamoo bibi." Pumzi ikamjibu. "Huyu ndiye mwenye samli?"

"Ndiye," Boke akasema.

"Bibi, ulitaka kutukaangia binti."

Upande mzima wa uso wa Bibi Marieta ulicheka. Ulicheka sana, mpaka mate yakatoka, na Boke akayafuta na khanga, na yeye mwenyewe akawa anacheka na kulia, na wale vijana wa Jastin wakajifanya wanatafuta spana.

Zikafungwa mpya nne. Jastin alisoma zile namba za ubavuni moja moja kwa sauti ili Boke asikie ni za mwaka huu, kwa sababu kuna maduka yanauza tairi mpya ambayo imekaa stoo mpaka imezeeka. Akamwambia aende taratibu siku za mwanzo, mpya zina utelezi mpaka ngozi ya juu itoke, na baada ya siku chache arudi zikazwe nati. Maji na sabuni, akasema. Basi. Boke akaitikia kama mtoto wa shule. Lakini macho yake yalikuwa kwenye zile kuukuu, zimepangwa ukutani, nyeusi, zinang'aa, kashata zimejaa. Kwa mbali zilikuwa nzuri kuliko tairi zote za pale.

Hakuwa peke yake aliyeziona. Kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Machage, mwenye kirikuu yake, alikuwa anasubiri zamu. Alishaziinamia, ameingiza kidole kwenye kashata, ameridhika. Akamwambia Boke kwa heshima kwamba kama hana kazi nazo angezichukua yeye, hasa zile tatu zisizo na nundu, kwake hali si nzuri na hizi zingemsogeza mpaka mavuno.

Boke alimtazama. Kwenye kirikuu ya Machage, kiti cha abiria, alikuwa amekaa mke wake na mtoto mapajani.

"Jastin," akasema, "nipe kisu."

"Cha nini, dada?"

"Nipe."

Kilikuwa kile kisu kifupi cha kukatia mpira. Boke akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya tairi ya kwanza, akakiingiza ubavuni, akavuta. Samli iliyokuwa ndani ya nyufa ikamjia vidoleni. Machage alipiga kelele kwamba binti huyu anachana tairi nzima, jamani mzuieni. Jastin hakumzuia. Alimweleza yule mzee polepole sababu, na mzee akarudi kusimama karibu na gari lake, akawa anaangalia tairi zake mwenyewe ubavuni kama anaziona leo.

Ya pili. Ya tatu. Mkono ulikuwa unauma. Kwenye ile yenye nundu alisimama kidogo, akainua macho. Mama yake alikuwa anamtazama kutoka dirishani. Alikuwa hajalala, hajacheka, anamtazama tu kama mtu anayemwangalia mwanae akichinja kuku kwa mara ya kwanza, anataka kuona kama ataweza.

Boke akakata.

Kisha akanawa mikono kwa sabuni ya unga, mara mbili, mpaka ule utelezi ukaisha kabisa kwenye vidole. Akapanda, akamkazia mama mkanda, akaingiza gia. Kirikuu ikatoka kwa Jastin kuelekea kwa Ryoba, polepole, kwa tairi kavu.